Oili Nyepesi, Njia ya Rangwe

Kaka yangu aliamini mafuta mazito. Kwake uzito ndio uliokuwa ubora wa kila kitu: uji uwe mzito, blanketi liwe zito, mtu mzima awe na maneno mazito, na mafuta ya gari yawe mazito kiasi kwamba ukiyamimina unaweza kwenda kumjulia jirani hali na kurudi kabla hayajamaliza kushuka. Mimi nilikuwa kinyume chake. Sikuweza kukaa. Nilikula nimesimama, nilipiga mswaki nikizunguka uani, na nikiachwa dukani kwa asubuhi moja tu, ningehamisha magunia yote kutoka ukuta huu hadi ule bila mtu kuniomba. Ndiyo maana tulipoanza biashara Migori, miaka michache baada ya Uhuru, tuligawana kazi bila ubishi: yeye akabaki na duka, mimi nikapewa pikapu.

Ilikuwa pikapu ya Kiingereza, ya kijani, iliyokuwa imepitia mikono mingine kabla ya yetu. Nilibeba humo samaki wakavu kutoka Homa Bay, nikapeleka huko mahindi na sabuni. Siku nyingine nilishusha chumvi na mafuta ya taa Osiri, kwa wachimbaji wa dhahabu waliopanda kutoka mashimoni wakiwa wa rangi moja na udongo. Nikiwa njiani nilikuwa mtu mwenye amani. Magurudumu yakisimama tu, kitu kilianza kunitambaa miguuni.

Kisha matone yakaanza kuonekana. Kila asubuhi, pale pikapu ilipolala, palikuwa na doa jeusi mchangani. Sili ya nyuma ya giaboksi, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke, ilikuwa imechoka, na sili mpya ilibidi iagizwe Kisumu, ambako nako huenda isipatikane. Kaka alichuchumaa, akachovya kidole kwenye doa, akakinusa.

"Inavuja kwa sababu oili ni nyepesi," alisema. "Maji hupita kwenye chujio. Ugali haupiti."

Akanunua oili ya difu, ile ya ekseli ya nyuma, nene, nyeusi, yenye harufu ya kiberiti kilichozimwa sasa hivi. Nilimwambia yale niliyosikia Homa Bay kwa dereva wa gari la serikali, gari lililokuwa pacha wa hili letu.

"Yule bwana anasema giaboksi za gari hizi hutiwa oili ya injini. Ile namba thelathini."

"Ya injini?" Kaka alicheka mpaka akashika ukuta. "Oili ya injini ni ya injini. Jina lenyewe si linasema? Wewe utatia chai kwenye taa kwa sababu chai nayo ni majimaji?"

Yeye ndiye mkubwa. Na mimi sikuwa na hakika. Neno la dereva ni neno la dereva, na madereva husema mengi wakingoja mizigo. Oili ya difu ikaingia.

Ni kweli, doa lilikoma. Kaka alinionyesha mchanga mkavu kama mtu anayeonyesha shahada ya mtoto wake. Lakini gia zilibadilika tabia. Zamani kijiti cha gia kiliingia kama mguu unavyoingia kwenye kandambili. Sasa asubuhi, injini ikiwa baridi, kilisimama mlangoni na kugoma. Nikikisukuma, chini ya sakafu palitoka kilio cha chuma kinachotafunwa. Gia ya pili ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Nikamwambia kaka. Akasema gari ni kama ng'ombe wa kulimia, huzoea.

Wakati huo mke wangu hakuwa Migori. Alikuwa mjamzito, na kwa kuwa tulikuwa tumeshazika mtoto mmoja aliyezaliwa kimya, daktari wa Homa Bay alimwagiza mara hii akae karibu na hospitali hadi siku zake zitimie. Alikaa kwa shangazi yangu, nyumba inayotazama ziwa. Nilimwona kila nilipofuata samaki. Halafu mvua ikakaza, barabara ya udongo mweusi ikawa gundi, na kaka akasema pikapu isitoke mpaka kukauke. Sijui kama mtu anaweza kuugua kwa kusimama. Mimi niliugua. Nilitembea kutoka dukani hadi darajani, darajani hadi sokoni, sokoni hadi dukani, na watu wakaanza kuniuliza nimepoteza nini.

Asubuhi moja lori la samaki likasimama mbele ya duka, kwa kuwa malori makubwa yalikuwa bado yanathubutu. Dereva wake alinifahamu. Hakuzima injini.

"Mkeo anasema uende," alisema kutoka dirishani. "Na uende na mama yake."

"Mama yake? Kwa nini mama yake?"

"Shangazi yako ndiye aliyenisimamisha barabarani. Hivyo ndivyo alivyosema."

"Amejifungua?"

"Ndugu yangu, nimekwambia yote niliyopewa."

Lori likaenda zake. Nilibaki na maneno yale mkononi kama mtu aliyepewa mfuko uliofungwa. Mwanamke humwita mama yake akiwa na furaha, na humwita mama yake akiwa na msiba. Mwaka uliotangulia, yule mtoto alipozaliwa kimya, neno la kwanza alilosema mke wangu lilikuwa hilo hilo: mwiteni mama.

"Ngoja mvua ipungue," kaka alisema.

Nilikuwa nimeshawasha gari.

Mpaka Rongo nilifika nikipigana. Niligundua kwamba nikitaka gia ya pili lazima nikanyage klachi, nitoe gia, niachie klachi, nikanyage tena, halafu niombe. Mara nyingine iliingia. Mara nyingine ilinitukana kwa sauti ambayo watu waliokuwa njiani waligeuka kuitazama. Rongo nikakata kushoto kuelekea ziwani, na mbele zaidi nikaiacha barabara ya Homa Bay, nikapanda upande wa Rangwe, kwa wakwe zangu.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kwetu hakuna anayeelezwa. Mama mkwe, ambaye tunamwita *maro*, huheshimiwa kwa umbali. Humkaribii, humshiki mkono ovyo, huli mbele yake, na ukikutana naye njiani mmoja wenu huikwepa njia. Haikuwa chuki. Ilikuwa adabu, na mimi na mama mkwe wangu tulikuwa tumeishika vizuri sana. Katika miaka yote ya ndoa yangu sikumbuki kama tulikuwa tumewahi kusemezana moja kwa moja. Nilisimama nje ya lango lao, nikakohoa, nikamwambia mke mwenza wake aliyekuwa akipepeta mtama barazani: mama anaitwa na binti yake, hospitali.

Mama mkwe alitoka akiwa amejifunga kitenge juu ya gauni lake la kanisani, mwavuli mweusi kwapani, kikapu chenye unga wa wimbi na kibuyu cha maziwa mkononi. Mwili wake ulikuwa mdogo, wima, na uso wake niliuona kwa pembeni tu kama ilivyonipasa. Akaenda moja kwa moja nyuma ya pikapu. Kila alipopata kusafiri na sisi alikaa nyuma, kwenye kiti cha mbao, na binti yake akakaa mbele na mimi.

Lakini nyuma kulikuwa na maji ya mvua, na turubai lilikuwa limebaki Migori. Alitazama nyuma. Akatazama mbele. Akatazama mawingu. Kisha akafungua mlango wa mbele akaingia, akajibana kwenye mlango mpaka nikaogopa utafunguka, na kikapu akakiweka katikati yetu kama ukuta.

Sasa, katika gari ile gia ya kwanza na ya pili zilikuwa upande wa abiria. Ya kwanza unasukuma kushoto na mbele. Ya pili unavuta kushoto na nyuma, na hapo, kushoto na nyuma, ndipo lilipokuwa goti la mama mkwe wangu.

Niliondoka kwa gia ya kwanza. Injini ikalia kutaka ya pili. Mkono wangu ukashika kijiti, ukaanza safari kuelekea kule, ukakuta kikapu. Krrrr. Nikarudisha mkono. Nikajaribu tena kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa kaa la moto jikoni.

Aliongea akikitazama kioo cha mbele, kana kwamba kuna mtu wa tatu ameketi juu ya boneti. "Huenda kikapu kinamsumbua mwenye gari."

"Hakimsumbui, mama," nikajibu, nami nikimtazama mtu yule wa boneti.

Kikapu kilimsumbua mwenye gari kwa kiasi cha kumwaga unga. Akakichukua akakipakata. Kutoka hapo hapakuwa na ukuta. Palikuwa na kijiti cha gia, goti lililojikunja hadi mwisho wa kujikunja, na mimi nikitokwa na jasho asubuhi ya baridi. Na kichwani hayo maneno hayakutulia: uende na mama yake, uende na mama yake.

Kuna kilima kabla ya soko la Rangwe. Siku ya jua hukioni. Siku ile kilikuwa utelezi mtupu. Nilikiingia kwa gia ya tatu, mwendo ukapungua, nikataka ya pili, ikakataa. Nikakanyaga klachi mara ya pili, ikakataa. Nikavuta kwa nguvu zote, bila kujali tena goti la nani, na giaboksi ikatoa kelele ambayo sijawahi kuisahau, kisha injini ikazima. Tukaanza kurudi nyuma. Breki zilishika magurudumu lakini magurudumu hayakushika ardhi. Tuliteleza taratibu, kwa heshima zote, mpaka ubavu wa nyuma ukaegemea ukingo wenye nyasi.

Mvua ikawa inagonga paa. Mama mkwe alikuwa amekumbatia kibuyu.

"Mashine hii inasaga nini?" aliuliza. Na safari hii aliniuliza mimi.

"Inajisaga yenyewe, mama."

"Na tutafika?"

"Tutafika," nikasema, kwa sababu hakuna jibu jingine unaloweza kumpa mama wa mke wako.

Tukakipanda kilima kwa gia ya kwanza, injini ikipiga mayowe, na kwa gia hiyo hiyo ya kwanza tukaingia sokoni Rangwe kama mkokoteni. Niliegesha mbele ya duka lenye makopo ya oili dirishani. Kwa jinsi nilivyoijua barabara iliyobaki, na milima yake midogomidogo, bila gia ya pili tungelala njiani.

Mwenye duka alikuwa Mhindi mzee aliyevaa sweta juu ya sweta. Akashusha makopo akayapanga juu ya meza.

"Iko hii ya difu. Mpya kabisa."

Niliijua harufu yake kabla hajafungua. "Nyingine?"

"Iko hii ya trekta. Zito zaidi."

"Na hii?"

"Hiyo ni ya injini, tu. Namba thelathini. Wewe nataka gia ama nataka injini?"

Dereva mmoja wa basi alikuwa amejikinga mvua barazani, akinywa chai. Alisikia akaingilia, kama madereva wanavyoingilia. "Bwana, gia ikilia ina kiu. Itie hiyo ya trekta. Itanyamaza kama kanisa."

"Itanyamaza," nikasema, "lakini itaingia?"

"Ikinyamaza unataka nini tena?"

Nilianza kutembea. Kutoka mlango wa duka hadi mwisho wa baraza, nikageuka, nikarudi. Oili nzito ndiyo iliyoifanya gia iwe hivi, hilo mkono wangu ulilijua. Tena injini ikipata joto na oili ikalainika, gia ilikuwa ikilegea kidogo. Kwa hiyo nyepesi. Lakini sili imekufa. Nikitia nyepesi itamwagika njia nzima, na giaboksi ikikauka kabla ya Homa Bay, meno yatashikana na hapo hakutakuwa na gia ya pili wala ya kwanza wala ya kurudi nyuma. Nzito itakaa ndani lakini haitaniruhusu kupanda. Nyepesi itaniruhusu kupanda lakini haitakaa. Na dereva wa serikali alisema, lakini je, alijua, au alisema tu? Nikageuka, nikarudi. Kaka alikuwa akinicheka ndani ya masikio yangu: utatia chai kwenye taa?

Mlango wa pikapu ukafunguka. Mama mkwe wangu alishuka, akafungua mwavuli, akaja hadi chini ya baraza, akasimama hatua moja mbali na mimi. Soko zima lilikuwa na akina mama wenye macho.

"Mwanangu ananiita," alisema, "na wewe unatazama makopo."

"Mama, nikichagua vibaya gari litakufa."

"Likifa tutatembea. Chagua."

Niliingia dukani nikanunua ile ya injini, na nikaongeza kopo la akiba. Dereva wa basi akatikisa kichwa kwa huruma.

Nililala chali kwenye gunia ndani ya matope, nikafungua nati ya chini. Ile oili ya kaka ilitoka polepole, uzi mmoja mnene, haikatiki wala haiharakishi, ikajikunja ndani ya debe. Harufu yake iliniingia puani na nguoni. Nilisubiri huku visigino vyangu vikichimba matope. Ilipoanza kuisha nililivuta debe kwenye mwanga, na nikaona juu ya ule weusi chembe za njano, laini, zinazometa, mfano wa zile ambazo watu wa Osiri huzitafuta kwa kuosha udongo kutwa nzima. Lakini hii ilikuwa shaba. Ndani ya giaboksi kuna pete za shaba ambazo kazi yake ni kuishika gia na kuisawazisha mwendo kabla meno hayajaumana. Zikiwa zimefunikwa na mafuta mazito hazishiki, huteleza tu, nawe ukilazimisha unazila. Wakati ule sikuyajua maneno haya yote. Nilijua tu kwamba kitu cha njano kilichopaswa kuwa ndani kilikuwa nje, na moyo wangu ukaacha kutembea huku na huku. Nilikuwa nimechagua sawasawa.

Kutia oili ilikuwa kazi nyingine. Tundu lake lilikuwa ndani, sakafuni, chini ya mkeka, mahali hasa ambapo mama mkwe aliweka miguu. Ilibidi mlango wake uwe wazi, nami niiname humo, na mvua ilikuwa inaingia. Tone moja la maji ndani ya giaboksi ni ugomvi mwingine. Nilitafuta kitu cha kufunika. Nikaona kivuli kimeniangukia mgongoni. Alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono ameunyoosha, mwavuli uko juu ya mgongo wangu na juu ya lile tundu, yeye mwenyewe analowa.

"Mama, acha, utalowana."

"Mimina."

Kutoka upande wa wauza mboga, sauti ya mwanamke ikapaa: "*Yawa!* Mkwe na mama mkwe chini ya mwavuli mmoja!"

Hakugeuka. "Mvua haina ukwe," alijibu, kwa sauti iliyowatosha wote. Wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Mmoja wao alileta kipande cha jani la mgomba, akalikunja likawa faneli, akaniwekea mkononi. Nikamimina. Oili nyepesi iliteremka kama maji ya mtungi, na kabla sijapumua vizuri ikaanza kufurika kwenye kipimo chake.

Tulipoondoka nilishika kijiti kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa. Ya kwanza. Klachi. Nikasubiri kidogo. Kushoto, nyuma. Ikaingia.

Haikuingia vizuri kama zamani. Palikuwa na mkwaruzo mdogo mwishoni, kama mtu anayekohoa kabla ya kusema ndiyo. Lakini iliingia, na kwenye kilima kilichofuata iliingia tena. Mama mkwe alikuwa ameacha kujibana mlangoni. Kila mkono wangu ulipoanza kuja, alilihamisha goti lake pembeni kabla sijafika, bila kunitazama. Alikuwa ameshajifunza sauti ya injini inapotaka gia ya pili.

Kelele nyingine ilizaliwa, mluzi mwembamba kwenye gia ya tatu, ambao oili nzito ilikuwa imeuficha. Na ilivuja, ndiyo. Nilisimama mara kwa mara kupima. Alinyanyua miguu, nikainua mkeka, nikaongeza, nikafunika, tukaendelea. Kila tuliposimama niliona kama nimesimama juu ya siafu. Kopo la akiba lilipobaki na sauti ya kubembea tu ndani yake, barabara iliteremka, na ziwa likajitandaza mbele yetu, la kijivu, halina mwisho.

Shangazi alikuwa kwenye lango la hospitali, kanga kichwani. Nilitafuta habari usoni mwake, sikuipata. Alimshika mama mkwe mkono akamvuta.

"Mtoto amekingama tumboni," alisema wakitembea, nami nikifuata nyuma. "Daktari anataka kumpasua binti yako tangu jana. Amekataa. Anasema haingii kule mpaka amwone mama yake."

Mke wangu alikuwa kitandani, uso umevimba, midomo mikavu. Alipomwona mama yake alinyoosha mikono yote miwili kama mtoto anayetaka kubebwa, na yule mama mdogo aliyelowa akapanda kitandani, naam, akapanda na matope yake, akamkumbatia. Muuguzi alifungua mdomo kukataza, kisha akaamua kukunja shuka.

Mimi nilisimama mlangoni. Adabu ilinizuia kuingia akiwamo mama mkwe, na miguu ilinizuia kukaa. Mke wangu alinigeukia.

"Unanuka kiberiti," alisema.

"Ni mafuta ya gia."

"Haya," akasema, akafumba macho. "Sasa wanipeleke."

Mchana ule wote sikujua nifanye nini na mwili wangu. Mama mkwe aliketi kwenye benchi la ukumbini, mikono mapajani, ametulia kama jiwe la kusagia. Mimi nilitoka nje, nikalala chini ya pikapu, nikatazama matone. Nikafuta sili kwa tambara. Tone jipya likajikusanya, likaning'inia, likaanguka. Nikarudi ndani, nikafika ukumbini, nikaona mlango bado umefungwa, nikatoka tena. Nilipopita mara nyingine, alisema bila kuinua macho, "Kaa." Nikajaribu. Nilikaa mwisho kabisa wa benchi hilo hilo, na yeye mwisho wake, na nafasi katikati yetu ingetosha ukoo mzima. Sikumaliza hata sala moja nikawa nimeinuka.

Jua lilikuwa limeanza kuteremkia ziwani muuguzi alipotokea na kitu kilichofungwa kwenye blanketi. Kabla hajasema neno, kile kitu kilisema chenyewe. Kililia kwa hasira, kwa pumzi ndefu, na mama mkwe wangu akainama akaficha uso kwenye kitenge chake. Ndiyo mara pekee niliyomwona akilia.

Alikuwa msichana. Mama yake alikuwa hai, ingawa alikaa wodini muda mrefu.

Niliporudi Migori na pikapu, niliifungua giaboksi uani, kaka akisimama juu yangu. Pete za shaba zilikuwa zimelainika, na ya gia ya pili ilikuwa imekwisha kabisa, ina upara kama sarafu ya zamani. Nilimpa. Aliigeuza kwenye vidole vyake, akaipeleka juani, akaitazama hata nikadhani hatimaye ataniambia kitu.

"Lakini haikuvuja," alisema.

Tulipata pete nyingine kwenye gari lililokuwa limekufa nyuma ya soko la Rongo, sili ikaja kutoka Kisumu baada ya kusahaulika mara kadhaa, na tangu siku ile giaboksi ile ilikunywa oili ya injini, namba thelathini, mpaka nilipoiuza pikapu. Kabla ya mwaka kwisha tuligawana: kaka akachukua duka lote, mimi nikachukua pikapu nikahamia Homa Bay. Hatukugombana. Nadhani alifurahi kubaki na magunia ambayo hakuna mtu anayeyahamisha.

Mama mkwe alikaa na binti yake mpaka alipopata nguvu, kisha akarudi kwake kwa basi. Nilipoenda baadaye kumsalimu, alikuwa amesimama mbali, uso kando, na akamtuma mke mwenza wake aniulize kama wa nyumbani hawajambo. Nikamtuma yule yule amjibu kwamba hatujambo. Mwavuli haukutajwa, siku ile wala nyingine yoyote.

Na yule msichana alikataa kulala. Akiwekwa kitandani alilia. Akipakatwa kwenye kiti alilia. Mama yake na shangazi walimwimbia mpaka wakaishiwa nyimbo. Jioni moja nilimchukua tu ili wapumzike, nikaanza kutembea naye ufukweni, kupita nyavu zilizoanikwa, hadi kwenye mawe, nikageuka, nikarudi. Akanyamaza. Nikasimama kuona kama amelala, akafungua jicho moja na kukunja uso. Basi nikaendelea kutembea.